Vichwa vya Habari Vilivyotangulia Sherehe

Nawaandikia ninyi walimu wachanga mliokabidhiwa gazeti la shule kwa sababu siku ya kugawana majukumu mlichelewa kuingia mkutanoni. Najua ndivyo ilivyokuwa. Mpira una wenyewe, kwaya ina wenyewe, na anayechelewa huachiwa klabu ya uandishi. Mimi pia niliipata hivyo hivyo, nikakaa nayo karibu maisha yangu yote ya ualimu, mpaka niliponyang'anywa kwa kisa nitakachosimulia. Nimestaafu muhula uliopita. Wenzangu wanatarajia niandike shukrani, na nitashukuru panapostahili. Lakini nina hasira, na sioni kwa nini niifiche sasa ambapo sina mkubwa wa kunikemea.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Birongo, shule ya mchanganyiko iliyozungukwa na migomba na majani chai. Gazeti lake lilikuwa ubao wa matangazo uliotundikwa chini ya paa la ofisi. Mlezi wa klabu alikuwa Mwalimu Nyaboke, mama wa makamo aliyefundisha Kiswahili, mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi. Siku yangu ya kwanza alinipa habari ya msichana wa kidato cha pili aliyewashinda wenzake wa wilaya nzima akikimbia bila viatu. Akaniambia niitafutie kichwa. Niliandika "Michezo", nikampelekea kwa kujiamini kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi.

"Michezo imefanya nini?" akaniuliza.

Nikarudi kwenye meza yangu, nikaandika "Ushindi Mkubwa Katika Riadha."

"Nani ameshinda?"

Nikarudi tena. Safari hii niliandika "Nyanchama Ashinda Mbio Bila Viatu." Mwalimu Nyaboke hakusema neno. Alichukua karatasi ya manila akaanza kupiga mistari ya penseli, na kwa muda wote niliofanya naye kazi sikupata kusikia sifa kubwa kuliko ile.

Baada ya hapo alinituma nikasimame mwisho wa foleni ya githeri, kule jikoni, niusome ubao kutoka pale. Sikuona kitu. "Basi na mtoto mwenye njaa hataona," akasema. Alikuwa na imani moja: mtoto akiwa kwenye foleni na sahani mkononi, hana kingine cha kufanya ila kutazama huku na huku, na hapo ndipo gazeti linampata au linamkosa. Kila kichwa tulichoandika tulikipima kutoka jikoni. Kama msomaji aliyesimama pale hakuweza kusema nani amefanya nini, tulikishusha tukaanza upya, hata kama wino ulikuwa haujakauka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Herufi tulizichonga kwa wembe kwenye filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali, kwa sababu filamu haipindi na haisharabu wino. Nilijifunza herufi zangu juu ya mbavu za watu nisiowajua. Kabla ya kupaka wino tulizipanga kwanza sakafuni, tukaona kama zinaenea, tukaona mstari ukatwe wapi. Jina la mtu halikatwi katikati. Kitenzi hakiachwi kikining'inia peke yake mwishoni mwa mstari kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Na kando ya kichwa, juu na chini yake, lazima pabaki peupe.

Hilo la kuacha peupe lilinipa shida sana. Nilikuwa kijana, niliona kila nafasi tupu kuwa ni uvivu, nikachora ua hapa na nyota pale. Mwalimu Nyaboke aliyafuta yote. "Ombongi, hiyo nafasi si tupu," aliniambia. "Hiyo nafasi inafanya kazi. Ndiyo inamwambia mtu atazame hapa." Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyotuletea balaa baadaye.

Kutoka ubaoni tulihamia mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyonipaka wino mpaka kwenye kola ya shati la kanisani. Kisha kompyuta ikaja, na wazimu ukaja nayo. Tulianza kupeleka gazeti kwa fundi mmoja wa uchapishaji mjini Kisii, jina lake Onchiri, mtu mwema, mwaminifu, Msabato asiyekosa kufunga duka Ijumaa kabla jua halijashuka. Lakini mweke mbele ya kompyuta uone. Kichwa kilikwenda kwake kikiwa kimenyooka, kikarudi kimepindwa kama upinde wa mvua, chenye rangi zake zote, na kila herufi ina kivuli.

"Kivuli cha nini, Onchiri?"

"Mwalimu, watu wanapenda ikiwa na kivuli."

"Jua liko wapi?"

"Jua gani sasa, mwalimu?"

"Kama hakuna jua, kivuli kimetoka wapi?"

Alicheka sana, akaondoa kivuli, na toleo lililofuata akakirudisha. Tuligombana naye miaka na miaka bila kukosana. Nendeni mkakae na fundi wenu anapopanga ukurasa, msimtumie tu kazi kwa simu. Na mkataeni anayetaka kichwa chote kiwe herufi kubwa. Ukurasa mzima ukipiga kelele, hakuna anayesikika.

Hayo ya vivuli ni makosa ya macho, na macho hufundishika. Hasira yangu iko kwingine. Iko kwenye neno "yafana".

Fungueni gazeti lolote la shule, kuanzia hapa mpaka Nyamira na mbele yake. Sherehe Yafana. Siku ya Zawadi Yafana. Ziara ya Wazazi Yafana. Nimeishi umri huu wote na sijawahi kusoma kwamba sherehe ya shule haikufana. Mvua ilinyesha, vipaza sauti vikafa, pilau ikaungua, lakini sherehe ilifana. Na sababu ni moja, ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeisema: habari hizo huandikwa kabla ya sherehe.

Desturi yenyewe ni hii. Mgeni rasmi akija Siku ya Zawadi, lazima aondoke na gazeti la shule mkononi, lenye picha yake na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Sasa gazeti haliwezi kuchapishwa huku mgeni akila. Kwa hiyo wiki moja kabla, mtoto wa miaka kumi na saba anaketishwa, anaambiwa aandike kwamba mgeni amekuja, amesema, amepongeza, amezindua, na umati umeshangilia. Mgeni mwenyewe wakati huo hajui hata koti atakalovaa. Kisha anakuja, anapewa gazeti, anasoma mambo aliyoyatenda kabla ya kuyatenda, na hashtuki. Hilo la kutoshtuka ndilo linalonitoa jasho.

Kule Birongo, Mwalimu Nyaboke alipostaafu, naibu wa mkuu wa shule aliandika mwenyewe kichwa cha Siku ya Zawadi: "Mgeni Rasmi Apanda Mti." Nilimpinga, nikashindwa. Siku ilipofika, mvua yetu ya alasiri ikashuka kabla ya miche kutolewa. Wageni wakakimbilia magari yao. Wazazi nao wakakimbia wakiwa wamejifunika magazeti kichwani, na juu ya kila kichwa kilicholowa paliandikwa kwamba mti umepandwa. Miche ililiwa na ng'ombe wa jirani. Nilipomuuliza naibu, alisema, "Mti ni mti, Ombongi. Tutapanda Jumatatu." Haukupandwa Jumatatu hiyo wala nyingine yoyote, na lile toleo bado limo kwenye faili za shule likisema umepandwa.

Basi nikahamishiwa shule ya wasichana upande wa Nyamira, na huko nikampata Moraa.

Moraa alikuwa mhariri wa gazeti akiwa kidato cha nne, binti wa mkulima wa chai. Hakuwa mzungumzaji. Alikuwa na tabia ya kusimama kando ya kazi yake akiwa amekunja mikono, akiitazama kama vile imemkosea. Nilimfundisha yote niliyofundishwa, pamoja na lile la kuacha peupe, na kwa mara ya kwanza niliona mwanafunzi anayekata maneno bila kuyaonea huruma. Angeweza kuchukua kichwa chenye maneno kumi akakirudisha kwa manne, na hakuna kilichopotea.

Mwaka ule shule ilikuwa na jambo kubwa. Tulikuwa tumeahidiwa maktaba. Vitabu vyetu vilikaa kwenye masanduku nyuma ya bweni, na panya walikuwa wasomaji wake wakubwa. Mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja ambaye simtaji, angekuja kuweka jiwe la msingi. Jiwe lenyewe lilikwisha kuchongwa kwa jina lake na kuletwa likiwa limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Madam, akatuletea kichwa tayari: "Mheshimiwa Aweka Jiwe la Msingi la Maktaba."

Moraa alikisoma, akakunja mikono.

"Mwalimu, na asipoweka?"

"Madam anasema ataweka."

"Basi si tungoje kwanza tuone?"

Nilimweleza habari ya mgeni kuondoka na gazeti. Alinisikiliza kwa heshima zote. Siku iliyofuata akaniletea ukurasa wa kwanza. Palikuwa na picha ya kiwanja cha maktaba, chenye nyasi na mbuzi mmoja. Chini yake palikuwa na habari ya kweli ya vitabu na panya na ahadi. Na juu, pale pa kichwa, alikuwa amechora mstatili mpana, mweupe, usio na herufi hata moja. Chini ya mstatili, kwa maandishi madogo, aliandika: "Kichwa kitaandikwa na msomaji, sherehe ikiisha."

Niliutazama ukurasa ule muda mrefu. Nilisimama mbali nao, nikajifanya niko kwenye foleni ya githeri. Hakuna kichwa nilichokiona vizuri kuliko kile kisichokuwapo. Nikauchukua mwenyewe, nikaupeleka Kisii kwa mkono wangu, nikakaa karibu na Onchiri asije akautia kivuli.

"Mwalimu, hapa umesahau kichwa," akasema.

"Sijasahau. Chapa."

Siku ya sherehe tuliwapanga wasichana uwanjani tangu asubuhi. Wazazi walijaa hemani. Madam alikuwa na shughuli nyingi, magazeti yakagawiwa kabla hajayaona. Mgeni hakuonekana asubuhi, hakuonekana mchana. Chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Jua likiwa limeegemea upande wa pili ndipo akaja mwakilishi wake, kijana wa suti, akasoma salamu kutoka kwenye simu, akasema mheshimiwa yuko nasi kiroho na maktaba itashughulikiwa. Kisha akanywa soda, akaondoka. Kile kitambaa cha kijani hakikufunguliwa.

Hapo nikasikia sauti ya kalamu. Siwezi kuieleza vizuri. Ni wasichana mamia wakifungua vifuniko vya kalamu kwa pamoja. Walikuwa wameketi nyasini, magazeti magotini, wakiandika. Nilipita katikati yao nikisoma. "Mheshimiwa Akosa Kufika." "Jiwe Lalala Stoo." Mtoto wa kidato cha kwanza aliandika "Tumechomwa na Jua," na sikuona cha kurekebisha. Hata baadhi ya wazazi waliomba kalamu. Nyaboke angekuwapo angenyamaza kimya, na ningejua amefurahi.

Madam hakufurahi. Na hapa niseme haki yake: alikuwa ameitafuta maktaba ile kwa nguvu, akipanda ngazi za maofisi ya watu wasiomkaribisha hata kiti. Aliogopa gazeti lingemfikia mheshimiwa, na maktaba iende shule nyingine. Mtu aliyechoka hivyo huwa anatafuta wa kumkasirikia aliye karibu. Jumatatu Moraa akatumwa nyumbani, arudi na mzazi. Mitihani ya mwisho ilikuwa inabisha hodi.

Baba yake alikuja asubuhi na mapema, mzee mwenye koti zito na kofia mkononi. Alituamkua kwa Ekegusii, "Bwakire," kisha akahamia Kiswahili kwa sababu alikuwa ofisini. Madam akamweleza kwamba binti yake ameiaibisha shule mbele ya wageni, na kwamba ataomba msamaha mbele ya gwaride, la sivyo akae nyumbani, aje siku ya mitihani tu, afanye, aende.

Nilidhani mzee atamtetea. Hakumtetea. Alimgeukia binti yake, akasema kwa upole, "Moraa, omba msamaha turudi kwa kazi. Hawa ni walimu wako."

Moraa alikuwa amesimama, mikono imekunjwa, macho chini.

"Tata," alimwita baba yake, "niombe msamaha kwa kuandika nini?"

Mzee akamtazama Madam. Madam akalifungua gazeti juu ya meza, akaweka kidole kwenye ule mstatili mweupe. Mzee aliinama, akatazama pale kidole kilipo, akatafuta, akageuza gazeti upande wa pili.

"Sasa Madam," akasema, "mimi macho yangu yamezeeka. Sioni kitu hapa. Ameandika wapi?"

Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa anatafuta kosa la mtoto wake ili amkemee, na hakulipata. Fikirini jambo hilo. Mtoto anafukuzwa shuleni wiki chache kabla ya mtihani kwa sababu ya kitu ambacho hakukiandika. Yule aliyeandika kwamba mti umepandwa alipanda cheo, na huyu aliyeacha nafasi anaambiwa akasimame gwarideni aombe radhi. Nilisimama nikasema kwa sauti ambayo sikuitarajia kwamba ukurasa ule niliupeleka mimi, nikauchapisha mimi, nikakaa karibu na fundi mimi, na kama nafasi nyeupe ni kosa basi lipewe mlezi. Madam akanitazama. Nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, nami nilikuwa nimemfungulia.

Moraa alirudi darasani siku ile ile. Hakuomba msamaha. Mimi nilivuliwa klabu, akapewa mwalimu mwingine, kijana mtiifu aliyechelewa mkutanoni. Miaka yangu iliyobaki nilifundisha insha na ushairi, nikapita mbele ya chumba cha gazeti bila kuingia. Gazeti likarudia desturi yake. Siku ya Zawadi Yafana. Jiwe la msingi mpaka leo liko stoo, linazuia mlango usipigwe na upepo, na jina la mheshimiwa limegeuzwa ukutani.

Muhula uliopita wakaniandalia karamu ya kuniaga. Nilifika mapema, nikakuta rundo la magazeti mezani, bado yananuka wino. Picha yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza, na kichwa, chenye kivuli, nilimjua fundi wake: "Mwalimu Ombongi Aagwa, Atokwa na Machozi ya Furaha." Chini yake nilisoma jinsi nilivyocheza na walimu wenzangu, jinsi nilivyoshindwa kumaliza hotuba kwa kilio. Saa hiyo sikuwa hata nimevua koti. Damu ilinipanda. Mtu anayeweza kukuandikia machozi yako wiki moja kabla hawezi kukosa kukuandikia mengine. Nikaapa moyoni kwamba sitatoa chozi hata wakinikatia kitunguu.

Nilitimiza. Walisema, walisifu, waliimba, wakanivisha kanzu na kofia ya mzee, nami nilikaa mkavu. Hotuba nilimaliza yote. Sikucheza.

Mwisho kabisa mhariri wa sasa, msichana anayeitwa Kemunto, ambaye sikuwahi kumfundisha, akaletwa mbele anikabidhi nakala yangu rasmi iliyowekwa kwenye fremu. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati wa Moraa, hata hakuwa amefika pale. Nikaipokea kwa uso niliouandaa. Nikatazama. Picha yangu ilikuwapo. Lakini juu, mahali pa kichwa, palikuwa na karatasi nyeupe iliyokatwa vizuri na kubandikwa, imenyooka, kingo zake sawasawa, imefunika kivuli na machozi na furaha yote.

"Ni nini hii?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Akatazama nyuma kama kuna mtu anasikia. "Wasichana wa mbele yetu walituachia hiyo, mwalimu. Wanaambiana kwa bweni. Zile zingine zilikuwa zimeshachapwa, hii yako tukabandika." Kisha akaongeza, "Tulikuwa tunangoja kwanza tuone."

Basi nikalia. Nililia mbele ya walimu, wazazi na wasichana, kanzu ikalowa, na picha zikapigwa. Yule kijana mlezi akainua gazeti lake juu akiwaonyesha watu kichwa alichokiandika wiki moja kabla, na umati ukashangilia, na mpaka leo sijamsamehe kwa kupatia.